Posa ya Chonga Hupelekwa na Upepo

Mtu wa Pwani haambiwi nguvu ya harufu. Nyumba hufukizwa udi kabla ya mgeni kuingia, bibi arusi husingwa kwa liwa na dalia, nguo zake zikafukizwa mpaka zikanukia, na katika vichochoro vya Lamu mpita njia huweza kujua penye arusi kabla hajasikia ngoma wala vigelegele. Asumini, kilua, halwaridi, kikuba: majina haya kwetu si ya maua na manukato tu, ni majina ya habari. Anayenusa huarifiwa.

Lakini wako viumbe waliotushinda katika elimu hii. Katika mashamba ya minazi ya Kwale na Kilifi, usiku unapoingia, dume la mdudu mmoja mweusi mwenye pembe hukaa penye chakula chake au penye gogo lililooza, akatoa mwilini mwake harufu kwa kipimo kidogo mno. Hapigi kelele kama nyenje wala hawashi taa kama kimulimuli. Upepo huichukua harufu ile ukaipitisha baina ya minazi, na wa jinsi yake walio mbali huinuka na kuja, majike kwa madume. Mchumba huitwa gizani na mtu asiyemwona, naye akafika pasipo kupotea.

Mdudu huyo ndiye wakulima wetu wamwitaye chonga. Urefu wake ni kama sentimita 4 au 5, rangi yake nyeusi au hudhurungi inayong'aa, na kichwani ana pembe moja iliyopinda kuelekea nyuma. Ya dume huwa ndefu kuliko ya jike. Vitabuni huwekwa katika kundi kubwa la mbawakavu, yaani wadudu wenye mbawa za juu ngumu kama gamba, na jina lake la kitaalamu ni Oryctes monoceros. Yeye ni mwenyeji wa Afrika. Anaye ndugu yake wa Asia, Oryctes rhinoceros, aliyeingia Samoa mwaka wa 1909, na tangu hapo ameendelea kuvuka bahari ya Pasifiki kisiwa kwa kisiwa. Alifika Guam mwaka wa 2007 na Hawaii mwaka wa 2013.

MOYO MMOJA TU

Madhara ya chonga huonekana baadaye, na hiyo ndiyo hila yake. Yeye haingii katika shina gumu la mnazi. Huingia kileleni, pale makuti machanga yanapokuwa bado yamekunjana, akatoboa tundu kuelekea moyoni na kufyonza maji ya nyuzi laini. Kuti likija kufunguka baada ya wiki kadhaa, huwa limekatwa pembe tatu kana kwamba limepitishwa mkasi. Anayepita barabara ya Mombasa kwenda Malindi akiinua macho ataziona alama hizo, hata kama hajui zimetoka wapi.

Mnazi mkubwa huweza kustahimili. Mche wa mwaka mmoja au miwili hauwezi, kwani mnazi hauna tawi la pili wala chipukizi la kando la kuanzia upya. Una moyo mmoja tu, na moyo ukitobolewa mti umekwisha. Mnazi wetu mrefu wa asili huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, kwa hivyo mwenye kupoteza mche wa miaka mitatu hakupoteza mche peke yake, amepoteza na ile miaka mitatu.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Watoto wa chonga, wale funza wanene weupe wanaojikunja kama herufi ya C, hawali mnazi ulio hai. Wao huishi katika magogo ya minazi iliyokufa, katika marundo ya samadi na takataka zinazooza. Mzazi hula juu kileleni, mtoto hulelewa chini katika uozo. Kumbe basi gogo lililolazwa nyuma ya nyumba kwa kuwa "litakuja kufaa" ni chumba cha uzazi, na mwenyewe ndiye anayekilinda.

Mwaka wa 1994 wataalamu waliokuwa wakifanya utafiti huko Ivory Coast walitangaza kuwa wameijua harufu ya dume la chonga. Wanakemia huiita ethili 4-methiloktanoeti. Ni jina refu la kitu chepesi, kioevu cha jamii ile ile ya vitu vinavyoyapa matunda mengi harufu zao. Kiwanda huweza kukitengeneza, kikatiwa katika kifuko kidogo cha plastiki kinachoivujisha harufu pole pole kwa wiki nyingi. Kifuko hicho kikitundikwa shambani, chonga huja wakidhani wameitwa na mwenzao.

Hapa inafaa kupambanua mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kuna harufu ya uchumba halisi, ambayo hutolewa na mmoja na kumwita wa jinsi ya pili tu. Na kuna harufu ya mkusanyiko, ambayo huwaita wote, wake kwa waume, mahali penye chakula na penye kufaa kutaga. Wakishakutana, ndoa hufuata. Harufu ya chonga ni ya namna hii ya pili. Haisemi "njoo unioe" peke yake. Husema pia kwamba hapa pana chakula na pana nyumba. Wala si ajabu kwamba kifuko kikiwekwa pamoja na uozo wa michikichi huwavuta wengi zaidi kuliko kikiwekwa peke yake, kwa maana mchumba mwenye nyumba huaminiwa kuliko mwenye maneno matupu.

KUPIGA BISHA ANGANI

Je, mdudu anusaje, naye hana pua? Pua yake ni vile vipapasio viwili vya kichwani. Vya chonga vina vijikaratasi mwishoni vinavyofunguka kama upepeo anapotaka kunusa, vikafungwa anapotulia. Juu ya vijikaratasi hivyo mna vinyweleo na vitundu vidogo sana. Chembe ya harufu huingia katika kitundu, ikapokewa na kuvukishwa na protini maalumu mpaka kwenye mshipa wa fahamu, na mshipa huo hupeleka habari kwenye ubongo. Mlango ni mwembamba: chembe yenye umbo jingine, hata likikaribia kufanana, haiufungui.

Wanasayansi waliweza kuyajua hayo kwa njia ya werevu. Mwaka wa 1957 Mjerumani mmoja, Dietrich Schneider, alikiunganisha kipapasio cha nondo wa hariri na nyaya nyembamba, kisha akapuliza harufu mbalimbali. Ilipopita harufu inayomhusu mdudu, umeme mdogo ulionekana kwenye mtambo. Tangu hapo mtafiti hana haja ya kukisia. Huiuliza pua ya mdudu mwenyewe.

Na akishaipata harufu, huifuataje? Watu hudhani ya kuwa huenda akipanda kutoka harufu hafifu kwenda harufu kali, kama anayepanda ngazi. La, hewani hakuna ngazi. Upepo huipasua harufu vipande vipande, hapa pana fungu la harufu, hatua mbili mbele hapana kitu. Mdudu akiipata huelekea upepo unakotoka. Akiipoteza, huenda upande huu na upande ule mpaka aipate tena, kisha huukabili upepo upya. Nahodha yeyote wa jahazi ataitambua safari hiyo: ni kupiga bisha. Chonga huwezi kumfundisha ubaharia.

Jambo la harufu kusafiri mbali na kumfikia aliyekusudiwa tu si geni kwa wasomaji wetu. Sura Yusuf inatupa habari ya Nabii Yaaqub, alayhi salaam, aliyeipata harufu ya mwanawe tangu msafara ulipoondoka Misri, na waliokuwa karibu naye hawakumsadiki. Ile ilikuwa ni karama ya Mtume na haipimwi kwa mizani ya maabara. Lakini mtu aliyelelewa juu ya kisa hicho hashangai sana akiambiwa kuwa harufu moja huwa wazi kwa mmoja na kufichika kwa wote waliomzunguka.

Wanazuoni wetu wa kale pia hawakuwapuuza wadudu. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka wa 255 Hijria, katika Kitab al-Hayawan alieleza habari ya mdudu anayeviringisha mavi, kwamba akizikwa katika maua ya waridi hutulia kama maiti, na akirudishwa kwenye mavi hufufuka. Habari hiyo iliendelea kupokewa katika vitabu kwa karne nyingi. Leo hakuna atakayeitetea kama ilivyo. Hata hivyo aliyeisimulia alikuwa ameona jambo la kweli, kwamba mbawakavu huishi na kutembea kwa harufu, na harufu njema kwetu si lazima iwe njema kwake.

Huko Ufaransa, katika karne ya 19, Jean-Henri Fabre alimweka nondo jike mkubwa ndani ya kitundu cha wavu nyumbani kwake, na usiku ule ule yakaingia madume yapata 40 kwa madirishani. Alijaribu kuwapoteza kwa kuweka naftalini, ile tunayoweka sandukuni, wasipotee. Jawabu kamili lilikuja mwaka wa 1959, pale Adolf Butenandt na wenzake huko Ujerumani walipotangaza kuwa wameitoa harufu ya nondo wa hariri, baada ya kazi ya miaka kama 20 na majike yapata 500,000, wakapata miligramu chache tu. Mwaka huo huo ndipo lilipobuniwa jina la jumla la harufu hizi, feromoni. Kwa upande wa mbawakavu, wa kwanza kujulikana siri zao walikuwa ni watoboao maganda ya misonobari huko Marekani, mwaka wa 1966.

MKONO WA KULIA NA WA KUSHOTO

Ukitaka kujua jinsi mlango ule ulivyo mwembamba, sikiliza habari ya mbawakavu wa Kijapani. Mdudu huyu aligunduliwa New Jersey, Marekani, mwaka wa 1916, akawa adui mkubwa wa bustani na mashamba. Kwake yeye jike ndiye anayeita, na madume tu ndio wanaokuja. Mwaka wa 1977 watafiti wa Marekani waliitambua harufu hiyo, wakaitengeneza maabarani, wakaitundika nje. Madume hawakuitikia.

Kosa halikuwa katika viungo. Chembe ile huweza kuwa na sura mbili, zenye vitu vile vile kwa hesabu ile ile, ila moja ni kama mkono wa kulia na ya pili ni kama mkono wa kushoto. Jike hutoa ile moja peke yake. Waliyoitengeneza watafiti ilikuwa na zote mbili nusu kwa nusu, na ile ya pili, hata ikiwa ni sehemu moja tu katika mia, huanza kuwafukuza madume. Walipoitengeneza iliyo safi, wakaja kwa wingi.

Lililonifurahisha zaidi ni lililogunduliwa baadaye. Huko Japani yuko mbawakavu mwingine, jamaa yake, wa upande wa Osaka, naye hutumia chembe hiyo hiyo kinyume chake: unaomwita huyu ndio unaomfukuza yule. Nyumba mbili zimepakana, na kila mmoja anajua mlango wake. Hivyo ndivyo majirani hawa wanavyojiepusha na ndoa isiyozaa.

MAHARI YENYE SUMU

Mpaka hapa tumesema juu ya mwito. Lakini mwito si ndoa. Wakishakutana, mambo mengine ya kemia huanza, na katika niliyoyasoma hakuna linaloshinda la mbawakavu mwekundu wa Amerika ya Kaskazini aitwaye Neopyrochroa flabellata.

Walioichunguza habari yake ni Thomas Eisner na Jerrold Meinwald wa Chuo Kikuu cha Cornell, pamoja na wenzao. Si wageni kabisa kwetu: Profesa Thomas Odhiambo alipoianzisha ICIPE mjini Nairobi mwaka wa 1970, Meinwald alikuwa miongoni mwa wanakemia wa ng'ambo waliomuunga mkono. Waliyoyaona Cornell waliyatangaza mwaka wa 1996.

Dume la mdudu huyu hupenda sumu moja iitwayo kantharidini, ambayo hutengenezwa na mbawakavu wa jamii nyingine, wale wanaomfanya mtu atoke malengelenge akiwagusa. Matabibu wa zamani, wa Kiarabu na wa Kizungu, waliijua sumu hiyo, na mpaka leo wako wajinga wanaoiuza kama dawa ya nguvu za kiume. Huunguza figo na huweza kuua, na msomaji atahadhari. Dume huila sumu hiyo asidhurike. Kiasi kidogo hukiweka katika kishimo kilichopo kwenye paji la uso wake. Kilichobaki, ambacho ndicho kingi, hukihifadhi tumboni.

Wakutanapo, dume humwonyesha jike paji lake. Jike humkamata kichwa na kuonja kilichomo kishimoni. Akiikuta sumu, humkubali. Asipoikuta, hukunja tumbo lake na kumkatalia, na dume hata ang'ang'anie vipi hapati kitu. Ndoa ikitimia, ile sehemu kubwa iliyofichwa tumboni humhamia jike, naye huitia katika mayai yake. Wadudu walao mayai wakiyaonja huyaacha.

Bila ya kuifananisha ndoa, ambayo kwetu ni ibada, na mambo ya wadudu, mtu hawezi kujizuia kuona kwamba kilichopo usoni ni cha kuonja, na kilichopo tumboni ndiyo mahari yenyewe. Tena mahari haya hayaendi kwa mjomba wala kwa baba, humfikia jike mwenyewe na watoto wake. Wako mabwana arusi wangepata funzo hapo, lakini hayo si ya ukurasa huu.

Watafiti wale hawakukomea hapo. Walichukua madume ambayo hayakupewa sumu, yaani mafukara, wakayapaka kantharidini pajini tu. Majike waliwakubali. Kwa hiyo hata hapa ulaghai unawezekana: aweza mtu kuonyesha mfuko usio na kitu chini. Katika maumbile hili si rahisi, kwani anayeipata sumu kwa kuila huwa nayo kotekote. Kilichopo usoni ni ushahidi wa kilichopo tumboni, na ndiyo maana kuonja kunatosha.

BARUA ISOMWAYO NA ADUI

Sasa turudi Afrika Mashariki, kwenye ghala la mahindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakulima wa Tabora, Tanzania, walianza kulia juu ya mdudu mpya anayegeuza mahindi na muhogo mkavu kuwa unga ndani ya miezi michache. Walimwita dumuzi, wengine wakamwita skania, kwa jina la malori. Alikuwa ametoka Amerika ya Kati. Mwaka wa 1983 alionekana Taveta, kwetu Kenya, na baadaye wakulima wa hapa wakampa jina la Osama.

Dume la dumuzi hutoboa punje, akatulia ndani, akaanza kutoa harufu ya mkusanyiko. Huita na kuita. Jike akifika na kumgusa, dume hunyamaza; harufu hukatika. Sababu haihitaji elimu kubwa: aliyekwisha kumpata mwenzake ana faida gani kuendelea kuwaita madume wengine mlangoni pake?

Wataalamu waliichambua harufu hiyo mpaka wakaitengeneza, na mitego yake ikasaidia kuonyesha dumuzi amefika wapi. Lakini ndani ya mitego hiyo, huko Amerika ya Kati, walikuta mgeni mwingine: mbawakavu mdogo mweusi, Teretrius nigrescens, ambaye chakula chake ni mayai na funza wa dumuzi. Alikuwa ameinusa posa isiyokuwa yake, akaifuata kama mwizi anayefuata tarumbeta za arusi. Kila dume anapomwita mke humwita pia muuaji wa watoto wake.

Basi muuaji huyo akaletwa kwa makusudi. Aliachiliwa Togo mwaka wa 1991 na Kenya mwaka wa 1992. Alisaidia katika baadhi ya sehemu, hasa kuwapunguza dumuzi walioko nje porini, lakini ghala la mkulima hakuliokoa peke yake. Bado inampasa mtu akaushe nafaka yake vizuri, aipukuchue na kuifungia hewa isiingie. Walioahidi kwamba mdudu mmoja atamaliza kazi waliahidi zaidi ya walivyojua.

TENDE ZA FUTARI

Kuna nyumba nyingi za Mombasa, Lamu na Malindi zenye jamaa Omani na nchi za Ghuba, na mwezi wa Ramadhani haupiti bila ya tende kutoka huko. Mitende hiyo ina chonga wake, ambaye ni fukusi mwekundu mwenye pua ndefu, mwenyeji wa Asia ya Kusini. Aliingia nchi za Ghuba katikati ya miaka ya 1980, akafika Omani mwaka wa 1993, akavuka hadi Misri na nchi za bahari ya Mediterania, mara nyingi ndani ya mitende iliyouzwa na kusafirishwa kwa ajili ya bustani.

Huyu ni mbaya kuliko wetu, kwa maana funza wake ndio wanaokula ndani ya shina lililo hai. Mtende huonekana mzima mpaka siku unapoinama. Mwaka wa 1993 harufu ya dume lake ilitambuliwa na watafiti wa Kanada, wakaiita feruginoli. Tangu hapo ndoo zenye kifuko cha harufu, maji na tende zinazochacha zimetapakaa katika mashamba ya Waarabu. Wanaonaswa huwa ni majike zaidi kuliko madume, na hiyo ni baraka. Lakini mdudu hajashindwa. Mwaka wa 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikutanisha serikali mjini Roma kwa ajili yake peke yake.

Walilojifunza huko latufaa hapa. Si kila anayeitwa huingia ndoo. Wengine hufika karibu, wakaona mti mzuri jirani, wakaishia hapo. Anayetundika kifuko katikati ya miche michanga amewaita wezi na kuwaonyesha kitanda cha mtoto. Mtego huwekwa pembeni, mbali na miche. Na mwenye shamba lililojaa magogo yaliyooza, akaongeza na kifuko cha harufu, amefanya kazi ya dume la chonga bila malipo.

Kwa maoni yangu, gogo ndilo la kuanza nalo, kabla ya kununua chochote. Lipasuliwe, lichomwe au lizikwe chini sana. Samadi igeuzwe mara kwa mara na funza wapewe kuku. Mnazi uliotobolewa uchokolewe kwa waya wenye ndoana, kama walivyofanya wazee, maana mdudu aliyekwisha kuingia kileleni hana haja tena na kifuko. Makwapa ya makuti ya mche hujazwa mchanga ili chonga apate taabu ya kupita. Hayo yakifanywa na shamba moja huku jirani amelaza magogo kumi, mbawa za chonga zitauvuka ua usiku ule ule, kwa hiyo ni kazi ya mtaa mzima, kama kusafisha kisima.

Baada ya hayo kifuko kina maana. Ndoo itazamwe kila asubuhi na waliomo wahesabiwe, jike mbali na dume. Jike hujulikana kwa pembe yake fupi na kwa manyoya ya hudhurungi yaliyo mwisho wa tumbo lake. Hesabu yake ndiyo ya kuandikwa, kwani kila mmoja anayetolewa kabla hajafika kwenye gogo amekwenda na mayai yake makumi kadhaa.